Ukimjazia mwenzio ritani, uliza kwanza

 

Leo naongea na wewe ambaye simu yako haipumziki Juni ikikaribia kwisha. Labda ulisomea uhasibu. Labda hukusomea, ila ofisini unajulikana kama yule anayeelewa kompyuta. Shemeji anakuomba umjazie ritani ya ushuru. Mwenzako wa meza ya pili naye anakuja, ameshika kikombe cha chai cha kukulainisha. Jirani ana kijana aliyechukua PIN ili aombe mkopo wa chuo wa HELB, na hajui kama naye anahusika. Wa kwanza unamfanyia bure, wa pili anakutumia mia tatu kwa M-Pesa, wa tatu anakuletea wenzake wanne. Kufumba na kufumbua, una wateja.

Hongera! Ni kazi ya halali, na hapa Kenya kila mwenye PIN inayohusika na ushuru wa mapato anaihitaji. Lakini hebu tukae kidogo tuongee, kwa sababu ritani ni ya mtu, ila mkono ulioiandika ni wako. Ikiharibika, atakayetozwa ni yeye, na utakayelaumiwa ni wewe. Urafiki wa miaka mingi unaweza kuvunjwa na barua moja kutoka KRA.

Neno langu la leo ni moja tu. Kazi ya kujaza ritani sawasawa hufanyika kabla hujagusa kompyuta. Uliza kwanza, omba karatasi, halafu ndipo uandike.

Tarehe za kuweka kichwani

Tuanze na mambo ya msingi, maana wengi wanaoanza huyachanganya.

Mwaka wa mapato kwa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba. Ritani ya mwaka huo inatakiwa iwe imeingia kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Kwa hivyo ya mwaka 2025 mwisho wake ni 30 Juni 2026. Hiyo wengi wanaijua.

Isiyojulikana sana ni hii nyingine: kama mteja ana ushuru aliobaki nao, pesa zenyewe zilitakiwa kulipwa kufikia 30 Aprili. Fomu ni Juni, pesa ni Aprili. Mtu anayekuja kwako Juni 28 akiwa na deni, tayari amechelewa kulipa hata kama fomu haijachelewa. Mwambie mapema, asije akadhani riba umemletea wewe.

Akichelewesha ritani, mtu binafsi anatozwa Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaotakiwa kulipa, ile iliyo kubwa. Hata yule kijana wa HELB ambaye hana mapato yoyote, asipojaza, Sh2,000 zinamhusu. Akichelewa kulipa, kuna asilimia 5 ya deni, na riba ya asilimia 1 kila mwezi juu yake.

Sufuri mbili zisizofanana

Hapa ndipo wanaoanza wengi huteleza, kwa hivyo soma polepole.

Kuna ritani ya sufuri, ambayo ni ya mtu asiyekuwa na mapato mwaka mzima. Mwanafunzi, au mtu aliyekaa bila kazi kuanzia Januari hadi Desemba. Unaingia iTax, unachagua, unabonyeza, dakika tano umemaliza.

Halafu kuna ritani ya kawaida ambayo mwisho wake unaonyesha kwamba ushuru wa kulipa ni sufuri, kwa sababu mwajiri alikwisha kukata PAYE mwezi baada ya mwezi na kuipeleka. Hiyo si ritani ya sufuri! Mapato yapo, ushuru upo, ila umeshalipwa. Lazima uandike mshahara, uandike PAYE, uache fomu yenyewe ifanye hesabu ifike sufuri.

Sasa mtu anakuja anakwambia, "Mimi sidaiwi kitu, niwekee tu ile ya sufuri, hata nina haraka." Wewe nawe una watu saba kwenye foleni. Unabonyeza. Kwa siku hiyo kila mtu amefurahi.

Lakini mwajiri wake hupeleka orodha ya PAYE kila mwezi, na PIN ya huyo mtu imo ndani. Upande mmoja KRA wanaona mshahara wa miezi 12, upande wa pili wanaona ritani inayosema hakupata hata shilingi. Hapo hata asiyejua hesabu ataona kasoro. Mteja wako aliyekuwa hadaiwi kitu sasa ana barua ya kujieleza, na jina lako ndilo analolitaja kwa kila mtu ofisini.

Kwa hivyo usijaze sufuri kwa sababu mteja amesema. Ijaze kwa sababu umeuliza na umejiridhisha.

Maswali kabla ya kompyuta

Mtu akikuuliza "Unajaza kwa pesa ngapi?", wewe muulize haya kwanza. Yaandike kwenye karatasi, uwe unamuuliza kila mmoja bila kuruka, hata kama ni dada yako wa damu.

Kwanza: mwaka uliopita uliajiriwa wapi na wapi? Usiseme "unafanya kazi wapi", maana atakutajia kazi ya leo tu. Watu huhama kazi Machi, wakifika Juni mwaka unaofuata wamesahau kwamba waliwahi kufanya kazi kwingine.

Pili: kuna mtu mwingine yeyote aliyekulipa? Mafunzo ya wikendi, kupiga picha za harusi, kuandikia shirika ripoti, kufundisha jioni. Vijana wa siku hizi wana kazi ya pembeni, na wengi hawaihesabu kama mapato. Wanaiita "vitu vidogo vidogo".

Tatu: una nyumba au vyumba unavyopangisha? Una duka, boda, saluni, chochote kinachoingiza pesa?

Nne: una bima ya maisha, ya elimu ya watoto au ya afya unayolipia mwenyewe? Una mkopo wa nyumba? Unachangia pensheni? Una cheti cha msamaha wa ushuru kwa sababu ya ulemavu?

Swali la nne ndilo la kumsaidia mteja, na ndilo linalosahauliwa zaidi. Bima inayokubalika inampa nafuu ya asilimia 15 ya alicholipa, isizidi Sh60,000 kwa mwaka. Mwenye ulemavu aliye na cheti cha msamaha hatozwi ushuru kwenye Sh150,000 za kwanza za kila mwezi. Mtu anaweza kulipa asichopaswa kulipa kwa miaka kwa sababu tu hakuna aliyemuuliza. Sasa wewe unayejiita fundi, kazi yako ni ipi kama si kuuliza?

Karatasi, si maneno

Baada ya kuuliza, omba karatasi. Usiandike tarakimu yoyote ambayo mteja ameitoa kichwani.

Kwa mwajiriwa, karatasi mama ni P9. Ni fomu ambayo mwajiri humpa, inaonyesha mwezi kwa mwezi mshahara, marupurupu, pensheni, kiasi kinachotozwa ushuru na PAYE iliyokatwa. Siku hizi iTax inaweza kuleta yenyewe tarakimu alizotuma mwajiri, lakini usiziamini macho yamefumba. Zilinganishe na P9 mstari kwa mstari. Kama mwajiri alikosea PIN ya mfanyakazi, au miezi miwili haikupelekwa, hapo ndipo utaiona. Zikitofautiana, mrudishe mteja kwa mhasibu wa kazini kwake kabla ya kuendelea. Usizirekebishe kwa kubahatisha.

Kuna kosa moja la P9 ambalo linawapata karibu wote wanaoanza. Fomu ina safu ya ushuru kabla ya nafuu, na ina safu ya PAYE baada ya nafuu. Zinakaa jirani. Unayotakiwa kuijaza kama ushuru uliokatwa ni ya pili.

Chukua mfano wa mtu ambaye mwaka 2025 alikuwa na Sh80,000 kwa mwezi zinazotozwa ushuru. Viwango vya mwaka huo ni asilimia 10 kwa Sh24,000 za kwanza, asilimia 25 kwa Sh8,333 zinazofuata, na asilimia 30 kwa zinazobaki hadi kufika Sh500,000 kwa mwezi. Ushuru wake kabla ya nafuu ni Sh18,783 kwa mwezi. Ukitoa nafuu ya binafsi ya Sh2,400, PAYE ni Sh16,383. Kwa mwaka ni kama Sh196,600, na nafuu ya mwaka mzima ni Sh28,800.

Sasa ukiandika ile ya kabla ya nafuu, fomu itakwambia KRA wanamdai... hapana, itakwambia yeye anawadai KRA Sh28,800. Mteja atashangilia! Atakuita mtaalamu. Ukweli ni kwamba umehesabu nafuu mara mbili. Weka hiyo tarakimu kichwani. Ukiona mwenye ajira moja anarudishiwa Sh28,800 kamili, futa uanze upya.

Kwa kawaida ritani ya mtu mwenye mwajiri mmoja hufunga kwenye sufuri au shilingi chache tu. Ikionyesha deni kubwa, angalia kama umesahau kuingiza PAYE, au umeandika mshahara wa mwezi mahali pa mwaka, au umesahau pensheni. Ikionyesha anarudishiwa pesa nyingi, tafuta sababu kabla ya kumpa habari njema.

Ajira mbili, P9 mbili

Lakini si kila ritani inayofunga vizuri ni sahihi. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Turudi kwa mtu wetu wa Sh80,000. Tuseme jioni anafundisha kwenye chuo fulani, ameajiriwa kule pia, na kule zinatozwa ushuru Sh40,000 kwa mwezi. Kila mwajiri amemkata kana kwamba yeye ndiye mwajiri pekee. Wote wawili wamempa nafuu ya Sh2,400, wote wawili wamemwanzia kwenye asilimia 10. Kazi ya kwanza imekata Sh16,383, ya pili Sh4,383. Jumla ni Sh20,766.

Ukiziweka pamoja, mtu huyu ana Sh120,000 kwa mwezi, na nafuu ni moja tu. Ushuru wake halisi ni Sh28,383. Tofauti ni Sh7,616 na senti kadhaa kwa mwezi. Kwa mwaka ni kama Sh91,400. Yaani ajira ya pili ilitakiwa kukatwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza, na hakuna aliyemwambia mwajiri wa pili kwamba kuna wa kwanza.

Ukijaza P9 moja tu, ritani inafunga sufuri, safi kabisa, na wote mnakwenda nyumbani. Ukijaza mbili, inatokea deni la Sh91,400, na mteja anakuangalia kama wewe ndiye uliyemwibia. "Lakini si nilikatwa kote kote?" Alikatwa, ndiyo. Alikatwa kidogo.

Hapa moyo wako utajaribiwa. Huyu ni rafiki, ana karo ya watoto, na hizo P9 mbili ziko mkononi mwako. Usiifiche moja. PIN yake iko kwenye orodha za waajiri wote wawili, kwa hivyo deni halitatoweka. Litasubiri tu, na wakati linasubiri, riba ya asilimia 1 inaongezeka kila mwezi. Kwa deni hili hiyo ni kama Sh914 kwa mwezi, mbali na faini ya Sh4,570 ya kuchelewa kulipa.

Unachoweza kumfanyia ni hiki. Mpigie kabla ya kutuma, umweleze hesabu kwa upole, tarakimu kwa tarakimu. Mwambie anaweza kuiomba KRA imruhusu kulipa kwa awamu. Halafu mwambie amjulishe mwajiri wa pili mwezi huo huo akate asilimia 30, ili mwakani asirudi kwako akilia. Huo ndio msaada. Atakasirika wiki moja, kisha atakuletea wenzake.

Ameshakatwa, lakini bado

Kuna pesa nyingine zinazowachanganya watu kwa sababu zinafika mfukoni zikiwa zimeshakatwa.

Riba ya benki hukatwa asilimia 15, na gawio la hisa la mkazi asilimia 5. Hizo zimekwisha hapo hapo, hazitozwi tena kwenye ritani yake.

Malipo ya ushauri na kazi za kitaalamu ni tofauti. Mtu amefanya kazi ya Sh100,000, akakatwa asilimia 5, akapokea Sh95,000. Atakwambia "Hiyo nimeshalipia." Bado! Ile Sh5,000 ni kianzio tu. Kwenye ritani unaandika Sh100,000 zote kama mapato, unaondoa gharama za kazi zenye risiti zinazokubalika, halafu ile Sh5,000 inahesabiwa kama sehemu ya ushuru aliokwisha kulipa. Cheti cha makato hayo kinaonekana kwenye iTax kwa PIN yake. Kitafute hata kama hakukitaja. Tangu Januari 2024 gharama za biashara kwa ujumla zinatakiwa ziwe na ankara za eTIMS, kwa hivyo mfundishe mteja wako wa kazi za pembeni aanze kudai ankara hizo mapema, asingoje Juni.

Kodi ya nyumba za kuishi nayo ina njia yake. Mwenye kupokea kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka analipa asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea, bila kutoa gharama, kila mwezi kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijapita. Hicho ni kiwango cha tangu Januari 2024, kabla ya hapo kilikuwa asilimia 10. Mwenye vyumba vitatu vya Sh10,000 kila kimoja anapokea Sh360,000 kwa mwaka, basi anahusika: Sh2,250 kila mwezi.

Usitumie mazoea ya mwaka juzi

Fundi mwingine huwa ana karatasi yake ya zamani, anaifuata kama msahafu. Sheria za ushuru hazikai mahali pamoja. Tangu 27 Desemba 2024, makato ya ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 na ya bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75 yanaondolewa kwenye mshahara kabla ya kupiga hesabu ya ushuru. Zamani kulikuwa na nafuu ya asilimia 15 kwa ushuru wa nyumba, sasa haipo. Pensheni inayoondolewa imepanda kutoka Sh20,000 hadi Sh30,000 kwa mwezi, na riba ya mkopo wa nyumba kutoka Sh300,000 hadi Sh360,000 kwa mwaka.

Ukijaza ya 2025 kwa akili ya 2023, umemwonea mtu au umempendelea, na vyote viwili ni makosa. Kila mwaka pakua fomu mpya, soma mabadiliko, ndipo uanze kupokea watu.

Siri za nyumba za watu

Sasa tuje kwenye jambo ambalo halimo kwenye fomu yoyote.

Ukianza kazi hii utajua mishahara ya watu. Utajua kwamba yule anayekopa nauli anapata mara mbili ya unachopata wewe. Utajua kwamba bwana fulani ana vyumba Kitengela ambavyo mkewe hajawahi kuvisikia, au kwamba dada fulani alipandishwa cheo Februari na nyumbani hajasema.

Funga mdomo. Wanandoa wengi hujaza kila mmoja kwa PIN yake, na unaweza kuwa unawajazia wote wawili wiki moja. Siku moja utaulizwa, tena kwa sauti tamu: "Shem, hebu niambie, huyu ndugu yako anapata ngapi kweli?" Jibu ni moja: "Hilo muulize mwenyewe, shem. Mimi nilikuwa najaza fomu tu." Usiseme "pesa nzuri", usicheke, usigune. Guno nalo ni jibu.

Na kuna ombi jingine gumu zaidi. Bwana wa vyumba vya Kitengela atakwambia usiviguse, kwa sababu risiti za iTax huingia kwenye barua pepe ambayo mkewe anaifungua. Mwambie hivi: kumwambia mkeo au kutomwambia ni shauri la nyumba yako, lakini mimi siwezi kuacha kitu ninachokijua. Anaweza kubadilisha barua pepe yake kwenye iTax. Kodi ya vyumba haiwezi kufutwa kwa sababu ya mambo ya chumbani. Na kwa siri yangu na yako, mpenzi msomaji, wanandoa wangekaa mezani mara moja kwa mwaka na P9 zao, kesi nyingi zingekwisha kabla hazijaanza.

Nenosiri la mteja nalo ni siri. Usiliandike kwenye daftari moja na ya watu wengine 40, wala usiliache kwenye kompyuta ya saiba. Kama anaweza kukaa kando yako aliingize mwenyewe, ni bora zaidi. Ukishamaliza, mwambie alibadilishe mbele yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za watu, na P9 iliyosahauliwa kwenye mashine ya saiba ni habari za mtu zimelala wazi.

Ukitaka iwe kazi

Kama umeona unaipenda kazi hii na unataka uiweke bango, usibaki kuingia kwa nenosiri za watu. Kuna utaratibu wa leseni ya wakala wa ushuru chini ya Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015. Wakala huteuliwa na mteja kwenye iTax, akafanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Inakupa heshima, na mteja anajua nani amefanya nini.

Bei iseme kabla ya kazi, na usitoze kwa asilimia ya pesa atakazorudishiwa mteja. Ukifanya hivyo, utaanza kuzitafuta hata mahali zisipokuwepo.

Na ukigundua ritani iliyokwisha kutumwa ina kasoro, usinyamaze. iTax ina nafasi ya kutuma ritani iliyorekebishwa, na sheria inaruhusu marekebisho ndani ya miaka mitano. Mwambie mteja siku hiyo hiyo, mrekebishe pamoja. Anayerekebisha kabla ya kuulizwa ana nafuu kuliko anayesubiri barua.

Kabla hujabonyeza kutuma

Kata hiki kipande ukibandike ukutani.

1. Nimemuuliza maswali yote manne?
2. Kila tarakimu ina karatasi yake?
3. P9 ziko ngapi, na nimezijaza zote?
4. Vyeti vya makato kwenye iTax nimevitazama?
5. Jibu la mwisho linaeleweka, au limenishangaza?
6. Mteja ameiona na kuikubali kabla haijatumwa?
7. Nimempa risiti ya kupokelewa, na nambari ya malipo kama anadaiwa?
8. Nimemwambia atunze karatasi zake miaka mitano?

Ukiwa na "hapana" hata moja, acha kwanza. Mwambie arudi kesho, hata kama ni tarehe 29 na amekuja na chai.

Na nyinyi mnaojaziwa, msimfiche fundi wenu kitu halafu mkamlaumu. Pelekeni P9 mapema, Februari au Machi, mkiwa bado na muda wa kulipa kabla ya Aprili kwisha. Msingoje usiku wa 30 Juni, wakati nchi nzima iko kwenye iTax.

Haya, tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.